Mwangwi wa Kanisa Lililojaa

Jirani wa Wietske hupiga kofi moja, kisha huinamisha kichwa kulisikiliza linavyofifia. Ndivyo anavyopima mwangwi wa kinanda chake cha kanisa, kinachotoa sauti kwa kompyuta, kule darini. Kila spika ina kazi yake: ndogo nne ziko juu ya kabati, ile ya besi iko ngazini, na ikinguruma vikombe vya Wietske hucheza upande wa pili wa ukuta. Vidole vinene vya jirani huzungusha vitufe taratibu, kama anayemvua kofia mtoto aliyelala. Leo Wietske alipanda kugomba, akamkuta anatafuta mwangwi wa kanisa lao lililobomolewa.

"Wewe jirani, utatuangushia nyumba!"

"Gomba baadaye. Sikiliza, ndio wenyewe?"

Akasikiliza. "Mrefu mno. Hilo kanisa tupu. Jumapili tulijaa, makoti yetu ya sufu yakameza sauti."

Jirani akapunguza, akapunguza tena, akabonyeza kinanda. Sauti ikatua karibu, laini. Akatoa pipi ya mnanaa mfukoni, kama walivyofanya wote mahubiri yalipoanza. "Sasa waumini wamekaa."

Wietske akaipokea, akaketi naye kwenye benchi la kinanda, kisha akasogea kidogo, kama alivyozoea kanisani kumwachia marehemu mamake nafasi. "Mama bado," akasema. "Si unamjua kwa kuchelewa."