Mstari wa Kahawia

Jirani yangu Dzidra alifuma mazulia ya ukutani hapa Riga kwa miaka thelathini. Juzi aliingia makumbusho ya sanaa za mapambo, akalikuta zulia lake moja limetundikwa. Kibao kilisema kwamba mstari wa kahawia ulio katikati ni huzuni ya mfumaji.

Dzidra akamgeukia mlinzi. "Huzuni gani, mwanangu? Uzi wa kijivu uliniishia, nikatia kahawia!"

"Mama, hayo wameandika wasomi. Watu hulia hapa."

Na kweli, mwanamke mmoja alikuwa anapangusa macho. Dzidra akasimama kando yake, akautazama ule mstari mpaka akaanza kujishuku.

Nyumbani alimkuta mumewe, Imants, akikata mkate mweusi.

"Hebu niambie, nilipofuma lile zulia kubwa, nilikuwa na huzuni?"

Imants akaweka kisu chini. "Leo ndiyo unaniuliza? Majira yote ya baridi hukunisemesha."

"Nilikuwa nahesabu nyuzi!"

"Kumbe! Mimi nilidhani umenichoka."

Dzidra akakaa bila kuvua koti. Hata jana aliponisimulia, alikuwa bado hajui kama siku zile alikuwa akihesabu tu.