Gari Lililokuwa Linapiga Magoti

Gari langu lina kitufe kimoja ambacho hakifanyi kazi. Kipo katikati ya viti vya mbele, kina mchoro mdogo wa gari na mishale miwili, mmoja wa kwenda juu na mwingine wa kwenda chini. Fundi aliniuliza kama akitoe azibe tundu, nikamwambia akiache. Wakati ule nilikiacha kwa majivuno tu, watu waone kwamba gari hili lilitoka kiwandani na mambo makubwa. Siku hizi nakiacha kwa sababu nyingine, na abiria akikigusa nakuwa mkali.

Nililinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, nikaliendesha mwenyewe mpaka Kigoma. Nilipoingia Mwandiga nilipunguza mwendo bila sababu yoyote ila nionekane. Mimi ni mtu wa kujisikia, mke wangu amenisema sana kwa hilo wala hajakosea. Nina duka la vipuri vya injini za boti pale Ujiji. Nilianza na meza ya mbao kando ya barabara, na nilitaka kila aliyenijua wakati wa ile meza anione nikipita.

Jambo la ajabu la gari lile ni kwamba halikuwa na springi za chuma. Lilikalia mifuko minne ya upepo, kila tairi na mfuko wake, na pampu ndogo ya kuijaza. Ukibonyeza mshale wa juu linainuka, linapita juu ya mawe bila kugusa. Ukibonyeza wa chini linashuka taratibu huku likishusha pumzi, mpaka unadhani limelala. Vijana wa kijiwe cha karibu na duka waliniomba nilishushe na kulipandisha, nami nikawa nalishusha na kulipandisha kama mtu asiye na kazi.

Lakini aliyelifaidi gari lile kuliko sisi wote alikuwa mama mkwe wangu.

Alikuwa mjane, anaishi peke yake ng'ambo ya Mwandiga, mwisho wa njia ya vumbi inayopanda kutoka barabara kuu. Mwanamke mrefu, mnene, aliyelima mihogo na kukamua mawese mpaka nyonga ilipomgomea akaanza kutembelea fimbo. Alikuwa pia na presha, na kila mwezi Jumatano moja alitakiwa kliniki mjini. Mke wangu ni mwalimu, Jumatano yuko darasani. Kwa hiyo dereva nilikuwa mimi.

Sasa, kwa ukoo wa mke wangu, mkwe hamgusi mama mkwe. Humpi mkono. Humpokei mzigo, anauweka chini, anaondoka, ndipo unauchukua. Humtazami usoni. Mimi nimekulia Ujiji mjini ambako mambo haya yamelegea, na mwanzoni niliyacheka. Siku ya kwanza kujitambulisha ukweni nilinyoosha mkono nimsalimie, akina mama wote waliokuwa pale wakashika vinywa. Tangu siku hiyo nilijua pa kusimama. Nilisimama mbali kidogo, macho chini, nikamsalimia kwa Kiha, "Mwakeye, mama," naye akaitikia huku akiangalia migomba yake.

Haya, mwanamke mwenye nyonga mbovu utampandishaje kwenye gari bila kumgusa? Pikapu yangu ya zamani ilishindwa kabisa. Ndiyo maana sitaisahau Jumatano ya kwanza niliyompelekea gari jipya. Nililisogeza mpaka mlangoni kwake, nikafungua mlango wa nyuma, nikabonyeza mshale wa chini, nikaenda kusimama mbali. Gari likashuka. Yeye alikuwa ameegemea fimbo yake, akalitazama mpaka lilipotulia, akasema kwa Kiha, kama anayeongea na gari lenyewe, kwamba linapiga magoti. Kisha akageuka, akaketi kwenye kiti vile mtu anavyoketi kitandani kwake, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili. Hakuna aliyemgusa.

Tulikuwa hatujafika lami aliposema kutoka nyuma, "Gari lako lina adabu kukuzidi, mkwe."

Nilicheka mpaka nikapunguza mwendo. Kioo cha ndani nilikuwa nimekipindua kitazame juu, nisije nikamwona usoni kwa bahati mbaya. Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza: ndani ya gari tunaweza kuongea. Wote tunatazama mbele, hakuna macho ya kukutana, mwiko haujavunjwa. Nyumbani kwake tulikuwa tunaishia kwenye salamu. Barabarani aliongea, nami niliongea.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, hata sauti yake siikumbuki. Mambo niliyomwambia yule mama kati ya Mwandiga na hospitali sijamwambia mtu mwingine. Nilimwambia jinsi ninavyoogopa kurudi kwenye ile meza ya mbao. Yeye aliniambia kwamba mwanawe hapendi kufokewa mbele ya watu, kwamba kama ni lazima nifoke basi nifokee ndani, na kwamba hata ndani nipunguze. Tukitoka kliniki alitaka tupitie Katonga kununua samaki. Nililishusha gari ili mabeseni ya migebuka yafike sawa na dirisha lake, naye akabishana na wauza samaki bila kuinuka kwenye kiti. Hizo zilikuwa siku nzuri. Sikujua kwamba ni siku nzuri, nilidhani ni kazi ya kumsaidia mke.

Baada ya miaka miwili mifuko ikaanza kuvuja. Asubuhi nalikuta gari limelala ubavu, upande mmoja chini na mwingine juu. Niliagiza mfuko mmoja, ukachelewa, nikaufunga, ukavuja mwingine. Vijana wa kijiwe wakawa wanauliza kama gari linaumwa. Nilikasirika, na mimi nikikasirika sina subira.

Fundi wangu wa gereji ya Mwanga alisema njia ipo: kung'oa mifuko yote na pampu yake, kuweka springi ndefu za chuma na shokapu za kulingana nazo. Nikamwambia kama tunaliinua basi tuliinue kweli. Tukaweka tairi kubwa za matope na ngao ya chuma mbele. Zile ngazi za pembeni za kukanyagia nikamwambia azing'oe, kwa sababu zilinifanya nionekane kama dereva wa wagonjwa. Hayo ndiyo maneno yangu, sijapunguza hata moja.

Fundi alikuwa mtu wa haki. Kabla hajashika spana aliniambia, "Bosi, likishapanda hili halishuki tena."

Nikamjibu, "Nani anataka lishuke?"

Jioni ile nilipolipeleka nyumbani mke wangu alilizunguka mara moja. Hakulisifu. Aliuliza mama atapandaje. Nakumbuka vizuri kwamba swali lile lilinishtua, maana katika wiki nzima ya gereji sikuwa nimemfikiria yule mama hata kidogo. Badala ya kukubali nikasema tutaweka kigoda, nikasema na zile ngazi nitazirudisha. Zilikaa stoo, nyuma ya katoni za mafuta ya injini, na bado zipo.

Jumatano iliyofuata nilikwenda na kigoda. Alikikanyaga, miguu ya kigoda ikazama kwenye udongo, akayumba, nami nikasimama pale mikono imening'inia kwa sababu hairuhusiwi kumdaka. Alijishika kwenye mlango, hakuanguka. Wakaitwa majirani wawili, akina mama, mmoja akamshika kwapa na mwingine akamsukuma kutoka chini. Walipomnyanyua kitenge kikafunguka. Niligeuza uso haraka, lakini yeye alijua nilikuwa nimesimama wapi kabla sijageuka. Njia nzima hakusema neno. Katonga hakutaka kupita.

Mwezi uliofuata alimpigia mke wangu simu akasema presha imeshuka, dawa bado anazo, hakuna haja ya kuhangaika. Mwezi mwingine akasema hivyo hivyo. Mke wangu akapendekeza bajaji. Mama yake akakataa, akasema watu watamwona kwenye bajaji na mkwe ana gari kama lile, watasema mkwe amemkataa. Alikuwa ananilinda mimi.

Na mimi, niseme ukweli, nilipata nafuu. Nilikuwa naogopa kurudia ile aibu. Aliposema hana haja nilichagua kumwamini, kwa sababu kumwamini kulinifaa.

Nilimtembelea mara moja tu katika miezi ile, kumpelekea sukari na sabuni. Nilivishusha nikaviweka chini, nikaenda kuketi kwenye benchi la nje kungoja uji. Nilimwona akijikokota mpaka kwenye gari, akasimama karibu na mlango wa nyuma, akaiegemeza fimbo yake kwenye mlango na kukaa hivyo kwa muda, amenipa mgongo. Nikadhani amechoka, anapumzika.

Siku alipoanguka mke wangu alikuwa Mwamgongo, amekwenda na boti kusimamia mitihani, na simu yake haikupatikana. Jirani alinipigia mimi, saa tatu asubuhi. Niliendesha vibaya sana, ngao na tairi zote zikanguruma, nikamkuta kwenye mkeka mlangoni. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja na mkono wa kushoto umekufa. Wale majirani wawili walikuwepo. Walijaribu kumwinua wakamfikisha usawa wa magoti yao, hawakuweza zaidi. Kiti cha gari kilikuwa juu ya viuno vyao. Wakamrudisha chini, wakanitazama.

Nilipiga magoti nikaingiza mikono chini yake. Alikuwa mzito, na alikuwa na joto, na alinukia mawese na moshi wa kuni. Nilisema, "Nisamehe, mama," nikasimama naye. Ilibidi nimpandishe mpaka kifuani kwangu ili afike kwenye kiti. Nilidhani hana fahamu. Lakini mkono wa kulia, ule uliokuwa bado unafanya kazi, ulitafuta ncha ya kitenge, ukaivuta polepole mpaka ikamfunika uso. Alijua ni mimi. Hakuwa na namna ya kunikataa, akafanya hicho alichoweza.

Njiani niliongea peke yangu. Nilimwambia tutapitia Katonga tukirudi. Jirani aliyekaa naye nyuma alikuwa analia.

Aliishi siku mbili. Mke wangu aliwahi kufika, akamshika ule mkono. Hakuniuliza kuhusu ngazi, wala hajawahi kuniuliza mpaka leo, na kuna siku natamani angeuliza, tena kwa kufoka.

Siku ya tatu baada ya mazishi, watu wakianza kutawanyika, alinijia fundi mwashi wa pale kijijini, mtu mzima, kofia mkononi. Ameshika fimbo. Niliitambua.

"Pole sana, bwana mkwe," alisema. "Mama alinipa kazi kule nyuma, sijaimaliza. Niimalize au niiache?"

Nilimfuata mpaka nyuma ya nyumba, pale njia ya gari inapoishia. Kulikuwa na ngazi za tofali za kuchoma, vidaraja vitatu vipana, na pembeni mti mrefu uliochimbiwa chini wa kushikia mkono. Nilimuuliza ni za nini, zinapanda kwenda wapi, maana juu yake hapakuwa na mlango wala ukuta. Akaniambia ni za gari. Mama alitaka kila mwezi gari lirudi kinyumenyume mpaka hapo, naye apande taratibu mwenyewe, asimsumbue mtu. Alimkataza asizitaje mpaka zikauke, kwa sababu alitaka kunishangaza. Akanionyesha ile fimbo. Katikati yake kulikuwa na alama iliyokwanguliwa kwa kisu.

"Alinipa hii akasema, kidaraja cha juu kiishie hapa."

Mke wangu alikuwa ametufuata, akaketi kwenye kidaraja cha chini akalia kwa sauti, kilio ambacho hata makaburini hakukilia. Mimi sikulia pale. Nilikwenda kuchukua gari, nikalirudisha kinyumenyume polepole mpaka tofali zilipokuwa karibu kugusana na mlango, nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma. Kidaraja cha juu kilikuwa bado hakijapigwa sakafu, lakini kilikuwa sawasawa na sakafu ya gari, hakikupungua wala kuzidi hata kidole. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikabonyeza mshale wa chini, nikaushikilia.