Chakula Kilimfika, Mimi Sikumfika

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine za ujana wangu, mwanangu, ni ile tuliyonyang'anywa chakula tukiwa tumeshanawa. Hapa Nkunga, enzi hizo, vijana wa rika moja tulikula pamoja, leo kwenu, kesho kwetu, sahani moja, mikono yote ndani. Siku hiyo tulikuwa kwa kina Asajile, na Asajile mwenyewe alikuwa amelala ndani, homa imemkamata. Tukamtengea chake kwenye bakuli, tukampelekea kitandani, tukarudi uani kula na kucheka. Tulijiona waungwana.

Baba yake akatoka, akaiinua sahani yetu, akaenda nayo mpaka chumbani kwa mgonjwa. Tukamfuata kama vifaranga, mimi mbele kabisa, maana njaa ndiyo iliyoniongoza. Alipoiweka kando ya kitanda ndipo akasema, "Chakula kimemfika. Nyie mbona hamjamfika?"

Nilikula kwa aibu, lakini nilikula. Kisha maneno yale nikayaweka mahali nisipopita.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walipokwenda Chunya kwenye dhahabu, na wengine Dar, mimi nilimaliza sekondari nikarudi migombani kwa mama, na sijaondoka. Walinitania kwamba hata jua la Tukuyu, ambalo mnalijua lilivyo adimu, hutoka nje kuliko mimi. Basi Asajile alipoanguka kutoka juu ya mparachichi, miguu ikafa kuanzia kiunoni, sote wawili tukiwa tumeshaota mvi, mkewe ameshafariki na watoto wako mbali, nani angemtunza kama si yule asiye na safari? Nyumba zetu zimetenganishwa na migomba tu.

Nikamtunza. Nilimgeuza kitandani asipate vidonda, nikamwogesha, nikamtoa barazani jua likionekana. Nilipika mbalaga, ndizi zetu hizi, nikampakulia kwenye bakuli lenye mfuniko, nikamwekea mapajani, nikakimbilia kwangu kula changu kabla hakijapoa. Mgongo ulipoanza kuniuma sikumwambia. Nilijisemea kwamba ana yake ya kutosha. Watu wa kanisani wakanisifu, na sifa, mwanangu, mimi nazila kama ndizi mbivu.

Kisha Asajile akaacha kula. Anaonja kidogo, anafunika bakuli. Nikadhani ni chumvi. Nikapunguza chumvi, nikatia karanga, nikatia maziwa. Mpishi mwenye kiburi hutafuta kosa chunguni. Mganga wa zahanati akaja kumpima, akasema haoni ugonjwa mpya. Lakini mashavu yalizidi kuzama, na pete ya ndoa ikaanza kumvuka kidole. Watoto wakipiga simu, hapokei. Nikaona wazi kwamba mwenzangu anakwenda, tena anakwenda kwa kutaka.

Asubuhi moja ya ukungu nikamwekea bakuli lake, nikageuka niondoke.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Mbwa wangu nilikuwa namlisha hivi hivi. Naweka, naondoka. Tena yule mbwa nilikuwa namsimulia habari za kijijini."

Nikaanza kujitetea, kwamba sikutaka kumchosha. Hakuniacha nimalize.

"Mgongo unakuuma. Nakusikia unavyoguna ukininyanyua. Umemwambia nani? Mimi nimevunjika kiuno, ndugu yangu. Sijavunjika masikio. Wala mikono."

Ndipo nilipoisikia sauti ya baba yake, marehemu wa siku nyingi, ikiniuliza swali lilelile, na safari hii sikuwa na wenzangu wa kugawana nao aibu.

Nikaenda kwangu, nikarudi na ndizi mbichi na visu viwili. Kwa kweli visu nilikuwa nimemfichia, eti asijikate. Mtu aliyejipikia tangu mkewe afariki. Tukamenya pamoja pale barazani, utomvu ukatuchafua mikono ikawa myeusi. Akayatazama maganda yangu, akasema namenya kama mtu anayechonga mpini wa jembe. Nikamweleza habari za mgongo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniagiza nimwombe jirani yetu awe anakuja asubuhi kusaidia kumnyanyua, jambo ambalo mimi na sifa zangu tusingeliwaza. Ndizi zilipoiva tukala sahani moja. Hakula sana siku ile, wala kesho yake. Lakini mkono wake uliirudia sahani.

Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Hawakutuambia kwamba macho humfa mtu kwa bahati mbaya, ila moyo wake huweza kuuawa na anayemhudumia, tena kwa wema mtupu.

Basi, mwanangu, siku utakapomtunza mwenzio, usipeleke bakuli peke yake, jipeleke na wewe. Kazi ambayo mikono yake inaiweza, mwachie, hata kama wewe ungeimaliza upesi zaidi. Mpe habari, mtanie, mbishie. Na ukichoka, sema umechoka, umwambie yeye kwanza. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini waliosema hivyo hawakumnyanyua Asajile. Anayebeba peke yake kimyakimya huwa anaanguka, na anapoanguka huanguka na aliyebebwa.

Mungu akupe rika la kula nalo ungali mzima. Ukilazwa chini, akupe watakaoingia ndani na sahani yao. Na siku mikono yako ikichafuka utomvu, pasikose mwingine wa kuchafuka nawe.