Aliyenisaidia Kuhamisha Mwasumini

Wapo watakaosema nilipigwa na jua. Waseme. Mama yangu yupo Visiga mpaka leo. Nendeni mkamuulize mimi ni nani.

Tulihamia Visiga mama alipoliacha shamba lake la Kibuta kwa sababu ya miguu kumuuma. Karibu na geti tulikuta mwasumini mkubwa, umekomaa. Mama hakuacha kulalamika, "Maua yako mbali hivyo, mwanangu, mimi nitayanusa saa ngapi?" Basi mvua zilipoanza nikaamua kuuhamishia chini ya dirisha lake.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, nikapunguza matawi, nikachimba kuuzunguka, mizizi mirefu nikaikata kwa panga. Bonge la udongo nikalifunga kwa gunia. Lakini kulinyanyua peke yangu? Thubutu!

Ndipo nikasikia hodi. Mwanamke wa rika langu, kajitanda kanga mpaka machoni, miguu mikavu ilhali njia yote ilikuwa tope. Niliiona, nikapuuza. Wewe ungemfukuza mtu aliyekuja kukusaidia?

"Shika huko, mimi nishike huku," akasema.

Tukabeba. Nikawa najihisi mwepesi, kama mtu aliyeshinda na njaa. Tulipoutumbukiza shimoni, akashusha kanga. Niamini, ndugu yangu: ulikuwa uso wangu. Kovu la kwenye nyusi, pengo la jino, vyote.

Mama alikuwa dirishani. Nikapiga kelele, "Mama, funga mlango!"

Akatutazama wote wawili. Kisha akamwambia yule, "Ingia ndani, mwanangu. Huyo mwanamke simwelewi."

Yule akacheka kwa sauti yangu, akaingia. Nikamfuata mbio. Chumbani nikamkuta mama peke yake, kajikunyata kitandani.

"Wewe ni nani? Mwanangu umempeleka wapi?"

Hospitali walimpima, hawakuona kitu. Majirani anawajua kwa majina. Kaka yangu aliye Mbeya anamtambua kwenye simu kabla hajajitaja. Ni mimi tu. Chakula changu hali mpaka jirani amdanganye kwamba kapika yeye. Nikimwogesha analia kwa aibu. Na alasiri namsikia dirishani akicheka na mtu, akimsimulia utoto wangu mimi. Nikiingia, kimya.

Siku moja nilichukua panga niukate ule mti. Mama akapiga yowe, "Usimuue mwanangu!" Nikaliweka chini. Ningefanya nini?

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukitaka kuhamisha mti uliokomaa, ita watu unaowajua. Asiyejulikana akikuambia shika huko, acha mti uanguke, hata ukavunjika. Usibebe naye.

Jana usiku nilikuwa namfunika mama shuka. Akanishika mkono, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, na wewe mama yako bado yuko hai?"

Nikamwambia yupo.

"Basi nenda kamwone," akasema. "Usimwache peke yake."