Wimbo wa Alfajiri wa Mama Hansa

Enzi zetu Dodoma tuliamshwa na vitu viwili: baridi ya Juni na sauti ya Mama Hansa. Watoto wa siku hizi hapa Area D huamshwa na simu, wanaizima, wanalala tena, halafu wanamlaumu mama kwamba wamechelewa shule. Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mzee Jayanti, mume wa Mama Hansa, nasi tulipanga chumba uani kwao. Kabla hakujapambazuka, yule mama alikuwa tayari yuko mkekani nje ya jiko lake, sweta la mumewe juu ya sari, amekumbatia tambura, lile gita refu ambalo kazi yake ni kuvuma tu nyuma ya sauti. Neno moja la wimbo alilizungusha mpaka nimechota maji, nimefagia na uji wa uwele umepoa. Bibi yangu wa kijijini Mvumi alipotutembelea alisikiliza kidogo, akasema, "Huyu mama analia."

Bibi hakukosea. Kwao India, Mama Hansa alikuwa mwimbaji wa ule muziki wao wa kale ambao mtu hujifunza miaka mingi kwa mwalimu mmoja. Akiwa msichana aliimba kwenye kumbi zilizojaa, akaimba na redioni. Kisha akaozwa Dodoma. Ukoo wa mume ukasema mke wa mwenye duka haimbi mbele ya wanaume wa watu, na kazi yake ikaishia hapo. Akaachiwa kuimba hekaluni siku za sikukuu, na uani asubuhi. Mzee Jayanti alikuwa mpole sana, ila upole wake haukumsaidia mkewe chochote. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Asubuhi moja nikiwa bombani niliufuatisha wimbo wake bila kufikiri. Sauti yake ikakatika. Nikaganda na ndoo yangu, maana baba alikuwa akituonya kila siku, "Cha watu kiacheni kama kilivyo."

"Rudia," Mama Hansa akasema.

Nikarudia.

"Bado. Rudia."

Ndivyo nilivyoanza. Wenzangu walikuwa vumbini wakicheza rede, wakila ubuyu mpaka midomo inakuwa myekundu, na mimi niko mkekani nashikilia sauti moja mpaka machozi yananitoka. Wakanibandika jina, Mhindi wa Mvumi. Hansa, binti yake wa pekee, alipenda nyimbo za sinema na hakutaka hata kuigusa tambura. "Mwanangu hataki," mama yake aliniambia. "Nikifa, nyimbo za mwalimu wangu zinakufa hapa hapa Dodoma. Umebaki wewe."

Kwake kila wimbo ulikuwa na saa yake. Siku moja niliuimba ule wa alfajiri nikianua nguo magharibi, akanifinya sikio. "Huo wa asubuhi. Jioni hauimbwi. Za jioni nitakufundisha ukikua, sauti ikomae kwanza."

Halafu koo lake likavimba. Akapelekwa Dar es Salaam, akapasuliwa, akarudi na kitambaa shingoni, bila sauti. Ua wote ukanyamaza. Hata hivyo aliendelea kunifundisha kwa mkono. Mkono ukipanda, napandisha sauti. Ukitetemeka, natetemesha. Akikunja ngumi, nimekosea. Nami, kwa ujinga wa kitoto, nilifurahi, nikidhani tuna muda.

Ugonjwa ulipomrudia akalazwa, na mara ya mwisho baba alinipeleka kumwona hospitalini baada ya shule, jua likizama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa kufumba macho. Kisha mkono wake ukatoka ndani ya shuka, ukaanza kupanda polepole. Niliujua mwanzo ule. Nikainama nikamnong'oneza, "Mama, saa hizi ni jioni."

Mkono haukusimama.

"Imba, mwanangu," baba akasema.

Nikauimba wimbo wa alfajiri huku giza likiingia dirishani. Hakukunja ngumi hata mara moja. Asubuhi yake hakuiona.

Mzee Jayanti alifunga duka akamfuata Hansa, aliyekuwa amehamia Uingereza, na pale uani sasa limesimama jengo la vioo linalouza simu. Vijana wetu wana nyimbo za dunia nzima kiganjani, wanazisikiliza saa yoyote, tena nusunusu. Nikimwambia binti yangu kwamba upo wimbo unaosubiri saa yake, anacheka mpaka anakaa chini. Simlaumu sana, hakumsikia Mama Hansa mwenyewe. Mimi huamka gizani kabla ya kwenda kazini Mtumba, nikaimba jikoni huo mmoja, taratibu, mume wangu akijifunika blanketi masikioni. Jioni nikirudi, upepo ukianza kupeperusha vumbi, nakaa kibarazani na sina cha kuimba. Za jioni aliniambia nisubiri nikue.