Uzi Mwekundu na Chumba cha Plenamu

Kila alipoingia mahali pageni, kabla hata ya kuketi, mzee aliinua uso kutazama dari. Akiliona tundu la hewa, alitia vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa uzi mwekundu wa sufi usiozidi shubiri moja, akaunyanyua juu ya kichwa na kusubiri. Uzi ukisukumwa, uso ulimkunjuka. Ukining'inia tu, aliguna. Alifanya hivyo benki. Alifanya hivyo ukumbini siku binti yake alipopokea shahada. Alifanya hivyo hata sebuleni kwa wakwe, ambako hapakuwa na tundu lolote ila dirisha.

"Baba, watu wanatutazama," binti alimnong'oneza.

"Waache watazame. Hewa wanavuta bure."

Alikuwa fundi wa bati wa hospitali kubwa. Si bati la kuezekea. Yeye alitengeneza dakti, ile mifereji inayopita juu ya dari ikipeleka hewa wodini. Kwa miaka thelathini na miwili, katika karakana iliyo chini ya ngazi za nyuma, alikunja bati kwa nyundo ya mbao na kupitisha kiganja ndani ya kila kiungo kabla hakijapandishwa juu. Akikuta kikwaruzo, alirudia upya. Viganja vyake vilijaa makovu membamba, na binti yake alipokuwa mdogo alipenda kuyafuata kwa kidole akiuliza hili lilitoka wodi gani.

Binti alikua akawa mwalimu wa lugha chuoni. Siku moja uongozi wa hospitali ukamwomba awaandikie wafanyakazi kijitabu cha kueleza kwa Kiswahili kila neno linalotumika kwenye chumba cha mitambo. Feni haikumsumbua. Kichungi kilikwenda. Alipofika kwenye plenamu, kalamu ikagota. Kamusi zilimpa maana tatu zisizofanana. Mafundi nao walilitumia neno hilo bila kusita, "peleka ngazi plenamu," "plenamu imeshika vumbi," lakini akiwauliza ni nini walikuna vichwa na kucheka. Akamwendea baba yake.

"La kueleza kwa mdomo hilo silijui," alisema mzee. "Vaa viatu vya chini, mwalimu wangu, twende."

Nyuma ya mlango wa chuma palikuwa na chumba kilichozungushiwa bati kila upande, ukubwa wake kama jiko la nyumba ya kawaida. Upande mmoja palitokeza feni kubwa. Ukuta wa pili ulikuwa na midomo sita ya dakti, mieusi, imepangwa safu mbili. Zaidi ya hapo, sakafu.

"Mbona hamna kitu?"

"Subiri basi."

Akafunga mlango na kuwasha feni. Upepo wa kwanza ulimvua binti kitambaa cha kichwa, kikaruka na kuganda kwenye mdomo mmoja wa dakti. Kisha masikio yake yakaziba kidogo, na chumba chote kikawa kama kimevuta pumzi na kuizuia. Mzee alicheka, akamrudishia kitambaa, halafu akapitisha uzi wake mdomo baada ya mdomo. Kila mahali ulivutwa kwa nguvu ileile.

"Feni ina papara!" alisema kwa sauti ya kushinda mngurumo. "Ukiifungia dakti moja kwa moja, wodi ya karibu itapata dhoruba, ya mbali itapata salamu. Kwa hiyo hewa inakuja hapa kwanza. Inajazana, inatulia, ndipo kila mdomo unapata haki yake."

"Kama mama anayepakua chakula."

"Mama asiye na kipenzi. Wako alikuwa naye."

Walipotoka, mzee alimshika mkono. "Ukishaandika, nisomee kabla hakijapigwa chapa."

Aliahidi. Lakini chuoni ulikuwa wakati wa mitihani, na mpiga chapa alimpigia simu mara mbili. Jioni moja akaandika: *Plenamu: chumba kitupu kilicho kati ya feni na dakti.* Aliupenda ufupi wake. Akakituma kijitabu bila kumsomea mtu.

Miezi miwili baadaye, wodi ya watoto wachanga ikaanza kuwa na joto. Wauguzi walipepea vitoto kwa vifuniko vya maboksi. Mhandisi mpya, kijana mwenye haraka zake, alipima hapa na pale, akatoa uamuzi: dakti zimechoka. Zing'olewe zote, na aliyezitengeneza apumzishwe.

"Nipe leo tu, bwana mkubwa," mzee alimwomba. "Kama ni dakti zangu, nitazing'oa kwa mkono wangu mwenyewe."

Binti, aliyekuwa amekuja kumpeleka nyumbani, akajikuta anabeba ngazi. Walikwenda wodi baada ya wodi. Mzee alipanda, akainua uzi, akashuka. Ulining'inia kila mahali.

Wakashuka, mhandisi akiwafuata nyuma, hadi kwenye mlango wa chuma. Ulikuwa na kufuli jipya.

Ufunguo alikuwa nao Bibi Stoo, mtunza ghala, mama mnene mwenye funguo nyingi hata ukimsikia kabla hujamwona. Alifungua huku akilalamika. Ndani, kutoka sakafuni hadi juu, mlikuwa na maboksi ya glavu. Midomo minne kati ya sita ilikuwa imezibwa kabisa, miwili ikipumua kwa shida.

"We mama!" mzee alisema. "Hukuusikia upepo?"

"Niliusikia. Nikasema kheri, glavu hazitaota ukungu."

"Nani alikuruhusu?" aliuliza mhandisi.

Bibi Stoo akatoa kijitabu kwapani, akakifungua palepale alipokunja ukurasa. "Si mmeandika wenyewe? Chumba kitupu. Mimi nina maboksi yanalala varandani, na nyie mna chumba kitupu mmekaa kimya. Mimi na chumba kitupu hatupikiki chungu kimoja."

Binti alifungua mdomo. Mzee akamwahi.

"Ni mimi niliyemwambia aandike hivyo," alisema mzee. "Kosa langu."

Walitoa maboksi kwa mikono hadi saa kumi na moja jioni. Wodi zikapoa, dakti zikabaki. Mhandisi alimwambia mzee awe mwangalifu na maneno. Mzee akaitikia, "Ndiyo, bwana mkubwa," kama mwanafunzi. Njiani kwenda nyumbani hakuligusia jambo hilo, wala baadaye.

Binti aliuandika upya ukurasa ule. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwaka mzima ukapita, na mzee akalazwa katika hospitali ileile, chini ya tundu alilolitengeneza mwenyewe. Mchana mmoja binti alimletea karatasi.

"Baba, sikukusomea ile ya kwanza."

"Najua."

"Nikusomee hii?"

Mzee akafumba macho kusikiliza, binti akasoma: "*Plenamu: chumba ambamo hewa ya feni hujazana na kutulia kabla ya kugawiwa sawa kwa kila dakti. Hata kikionekana kitupu, kimejaa. Kisiwekwe kitu.*"

"Rudia."

Alirudia. Mzee akapapasa chini ya mto, akampa uzi mwekundu. Binti akavua viatu, akapanda juu ya kiti mbele ya wagonjwa wote, akaunyanyua mkono kuelekea dari.

"Unasukumwa, baba."

Mzee aliutazama uzi ukicheza.

"Haya," alisema mzee. "Sasa kampelekee Bibi Stoo asome."