Zamu Haikuwa ya Kaka Zuberi

Enzi zetu, sisi watoto wa Bangwe, kando ya ziwa, likizo ya Kaka Zuberi ilikuwa adhabu. Wenzetu wa mtaa wa Mwanga wamelala, sisi saa kumi na mbili asubuhi tuko mchangani, tunakimbia katikati ya dagaa walioanikwa, akina mama wanatufokea tusiwarushie mchanga. Yeye mbele, kaptura ya jeshi, anacheka. Alikuwa mwanajeshi wa miaka ishirini na minne tu, lakini alituchosha kuliko walimu wetu wote wakiwekwa pamoja.

Mimi alinichosha zaidi. Siku moja aliingia uani kwetu, mama anakaanga migebuka kwa mawese.

"Shikamoo mama. Huyu binti yako anachota maji ziwani kila siku na hajui kuogelea. Nipe wiki mbili."

"Marahaba. Mtoto wa kike akaogelee na wavulana?"

"Akizama, mama, ziwa litamuuliza kama ni wa kike?"

Mama akamkatia kipande cha samaki. Nikajua nimeuzwa. Nilikunywa maji ya Tanganyika hadi tumbo likajaa. Nikilia, ananiambia, "Lia, lakini piga miguu." Siku ya kumi na moja niliufikia mtumbwi uliotia nanga bila kushikwa mkono. Nikasubiri sifa. Akasema tu, "Haya, sasa rudi." Nilimchukia!

Mwaka uliofuata alikuja likizo, akakaa siku nne. Mwenzake kikosini alikuwa amepangiwa kwenda kulinda amani nje ya nchi, na mkewe alikaribia kujifungua. Zuberi akajitolea kwenda badala yake. Mama yake, Bi Mwajuma, alimfuata hadi barabarani.

"Zamu si yako, Zuberi! Nani amekutuma?"

"Mvua zikianza nitakuwa nimerudi, mama."

Walimrudisha kabla ya mvua, ndani ya jeneza lenye bendera. Huko alikokwenda, gari lao lilishambuliwa. Sisi watoto tulijipanga mstari bila kuambiwa. Bi Mwajuma hakupiga yowe. Alikuwa akiuliza tu, kila aliyempa mkono wa pole, nani alimtuma mwanawe. Mpaka leo nakasirika. Ningejua mapema, ningemfichia hata buti zake.

Mwezi uliopita vijana wa mtaa waliandaa bonanza la kumkumbuka. Lilitangazwa kuanza saa mbili asubuhi. Saa tano ndio kwanza wanahangaika na spika. Kwenye jezi jina limeandikwa "Zuberia". Nikamuuliza kijana mmoja kama anamjua huyo mtu.

"Si alikuwaga straika, shangazi?"

Nilitamani kumsukumia majini. Nikauliza kwanza kama anajua kuogelea. Hajui! Amezaliwa Bangwe, amekulia Bangwe, ziwa analijua kwa kupigia picha.

Basi nikatangaza kwenye grupu la mtaa: Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nafundisha kuogelea. Watu sitini wakaweka dole gumba. Zamani mtu mmoja, bila simu wala filimbi, alitutoa vitandani sote, tukinuna lakini tukienda. Jumamosi hiyo nilisimama peke yangu ufukweni, mwanamke mzima, kanga kiunoni, wavuvi wananishangaa. Saa moja kasoro wakatokea mabinti wawili wanapiga miayo, mmoja kafungia simu yake kwenye mfuko wa plastiki.

Nikawafokea hadi sauti ikakauka. Halafu nikawashika mikono, tukaingia majini.